Kibali Ambacho Hakuna Anayekitoa

Jumamosi iliyopita, jua likiwa bado halijakolea, niliazima futi ya fundi nikapima barabara ya mtaa wetu, huku Tabata, Dar es Salaam. Kwenye ramani ya viwanja barabara hii ina upana wa mita 10, kutoka bikoni hadi bikoni, yaani mawe ya mpaka wa viwanja. Mahali penye wembamba kuliko pote nilikuta mita 6 na sentimita 20.

Hizo karibu mita nne zimekwenda wapi? Nilitembea nazo moja moja. Ukuta wa nyumba moja umesogea nje hatua moja na ushee. Jirani anayefuata amepanda michongoma akaizungushia tofali za kulaza. Fremu tatu za biashara zimetoa ngazi za zege kuelekea barabarani, mbili mbili. Lipo genge la mboga, kipo kibanda cha wakala wa pesa, ipo meza ya fundi simu chini ya mwavuli. Halafu yapo mageti, na kila geti lina mteremko wake wa zege uliolazwa juu ya mtaro ili gari lipande bila kugonga. Mmoja wa miteremko hiyo ni wangu.

Siku tulipoumwaga mteremko ule, mjumbe alipita, akasimama kidogo, akasema, "Hongera kwa ujenzi." Nikamshukuru. Hakuna aliyeniuliza kibali, wala mimi sikujua kwamba kuna mlango wa kukiombea. Masika yaliyofuata chupa za plastiki na matope vilijikusanya chini ya zege langu, mtaro ukaziba, na maji yakachepuka moja kwa moja hadi kwenye sebule ya mzee wa ng'ambo ya barabara. Alitoa godoro nje kulianika. Hakunilaumu, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo.

Kila tunapozungumzia watu waliovamia barabara, picha inayokuja akilini ni ya machinga. Futi inasema vingine. Katika mita zile nne zilizopotea, genge, kibanda na meza ya fundi simu kwa pamoja havifikii hata robo. Sehemu kubwa imeliwa na zege, ukuta na maua, yaani na sisi wenye nyumba. Tena wale watatu ndio wenye karatasi. Mama wa genge ana mfuko wa plastiki umejaa stakabadhi: ushuru, taka, mchango wa ulinzi. Wakala ana leseni ya biashara. Fundi simu ana kitambulisho cha mjasiriamali cha enzi ya Rais Magufuli. Mwenye ukuta hana hata kipande kimoja cha karatasi kinachohusu ile hatua moja na ushee, na hajawahi kusumbuliwa, kwa sababu ukuta haubebeki kwenye gari la mgambo. Meza inabebeka.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Miji yetu inajua hali mbili tu kwa kitu cha mtu binafsi kilichosimama kwenye ardhi ya barabara: kuachwa kimya, au kubomolewa. Katikati ya hizo mbili palipaswa kuwa na kibali cha kweli, cha maandishi, chenye vipimo, bei na mwisho. Kwa kuwa hakipo, kimya kimegeuka kuwa kibali. Na kibali cha kimya ni kibaya kwa kila mtu, kwa anayepita na kwa aliyejenga.

Sheria yenyewe haijakaa kimya. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 imeweka hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, imezuia watu kuitumia watakavyo, na imeiachia mamlaka ya barabara nafasi ya kuruhusu matumizi fulani. Ndiyo maana nguzo za umeme, mabomba ya maji na nyaya za simu zinapita humo kwa utaratibu. Mwenye kituo cha mafuta anayetaka kuunganisha njia yake na barabara kuu anajua ofisi ya kwenda na mchoro wa kupeleka. Kwa hiyo kibali kipo kwa wenye wahandisi na wanasheria. Aliye na kibanda cha mbao cha mita mbili kwa moja na nusu hana dirisha la kusimama, na mwenye geti anadhani halimhusu.

Sheria hiyohiyo ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande ukipimia katikati ya barabara. Waliokutwa na nyongeza ile ya mita 7.5 wakiwa wamejenga kihalali wakawekewa X ya kijani, maana yake wanasubiri fidia. Waliokuwa ndani ya hifadhi ya zamani waliwekewa X nyekundu, maana yake wabomoe wenyewe, na hawana cha kudai. Mtanzania yeyote aliyepita barabara kuu anazijua rangi hizi. Zipo nyumba ambazo watoto wamezaliwa na kumaliza shule wakiiona X ukutani, hawajui lini. Mwenye nyumba hapaki rangi wala hakarabati paa, na akitaka kuuza hapati mnunuzi. X isiyo na tarehe ni adhabu inayotolewa kila siku.

Kimara, hapa hapa Dar es Salaam, ilitufundisha jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2017, kwa ajili ya kupanua Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, njia nane, zilibomolewa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Hifadhi hiyo pana ilikuwa na mizizi katika sheria za barabara za enzi ya ukoloni. Serikali ilisema hao ni wavamizi, na kwa maandishi ya sheria ilikuwa na la kusimamia. Wakazi walisema wameishi pale miaka mingi, wamevutiwa umeme, wamevutiwa maji, wamelipa kodi ya jengo. Wengine walikimbilia mahakamani. Leo barabara ile ni nzuri, nami naitumia, na sitasema haikufaa kujengwa. Ninachosema ni kwamba kila mita ya luku iliyofungwa katika nyumba zile ilikuwa ni sauti ya Serikali ikimwambia mtu "kaa". Mtu wa kawaida hatofautishi shirika la umeme na wakala wa barabara. Kwake yote ni Serikali, na Serikali imemfungia mita.

Mwaka huohuo, Novemba, zamu ilifika kwa Serikali yenyewe. Pale Ubungo, penye makutano ambayo leo yana daraja la Kijazi, Rais Magufuli aliagiza jengo la TANESCO, shirika la umeme, na la Wizara ya Maji yawekewe X kwa kuwa yameingia kwenye hifadhi ya barabara, na sehemu zikavunjwa. Wengi walishangilia kwamba sheria haina upendeleo. Mimi nilijiuliza: ikiwa shirika la umma lenye idara ya sheria na wapima ardhi linaweza kujenga makao yake juu ya mpaka wa barabara, mama wa genge angeujulia wapi mpaka huo?

Halafu kuna kisa cha vitambulisho. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Wengi walipumua. Kwa mara ya kwanza mgambo hakuwa na la kuwafanya, na mimi nakumbuka namna watu walivyovining'iniza shingoni kama medali. Lakini kitambulisho kile kilikuwa cha mtu, hakikuwa cha mahali. Hakikusema usimame wapi, uache nafasi gani, vipimo vyako ni vipi. Basi kila aliyekuwa nacho akasimama alipoona panafaa, na panapofaa ni penye miguu ya watu. Kufikia 2021 njia za waenda kwa miguu za Kariakoo zilikuwa zimefunikwa, na wapitaji wakashuka kwenye lami kushindana na bajaji. Oktoba mwaka huo ikaja operesheni ya kuwapanga, vibanda vikaondolewa Dar es Salaam nzima. Waliokuwa na kitambulisho na wasiokuwa nacho waliondoka pamoja. Miaka mitatu hivi tulipita kutoka ruhusa ya kila mahali hadi katazo la kila mahali, na katikati hatukusimama hata siku moja kuuliza: hapa kwenye kona hii, kikibaki kibanda kimoja, mtu wa kiti cha magurudumu atapita?

Swali hilo si geni kwetu. Mababu wa pwani walikuwa na jibu lake, na inanisikitisha kwamba tunawapeleka wataalamu wetu wa miji mbali kujifunza kitu ambacho kipo Lamu na Unguja. Nenda Mji Mkongwe uangalie baraza. Ni benchi la mawe lililoshikana na ukuta wa nyumba, limekaa kwenye njia. Kwa kipimo chetu cha leo lingestahili X nyekundu. Lakini baraza linamlipa mpita njia: mzee huketi akapumzika, kahawa hunywewa, na mvua kubwa zinapojaza vichochoro watu hupita juu yake wasilowe miguu. Lamu kuna wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili za ndugu, na chini yake punda na watu wanaendelea na safari zao kivulini.

Fikihi ya Kishafii, yaani sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo iliyofuatwa na wengi katika miji hiyo, ililishughulikia suala hili kwa undani wa kushangaza. Katika njia inayopitika na umma, wanazuoni waliweka msingi kwamba mtu asifanye lenye kuwadhuru wapitaji. Kinachotokeza juu ya njia lazima kiwe juu kiasi cha mtu kupita chini yake akiwa amesimama wima. Na kama njia ni ya misafara, kiinuliwe hadi ngamia aliyebeba machela na mbao za kivuli chake aweze kupita. Benchi la kujengwa njiani walilihitilafiana: kauli yenye nguvu inalikataza, nyingine inaliruhusu lisipodhuru. Mabaraza tunayoyaona yanatuambia ni kauli ipi watu waliishi nayo. Na jambo moja zaidi ambalo maofisa wetu wa mapato wangefaa kulisikia: walikataza watu kuuziana hiyo ruhusa ya kutokeza juu ya njia.

Tazama kipimo chao kilivyo. Hawakuanza na "umechukua kiasi gani?" Walianza na "anayepita kabaki na nini?" Wakampimia mpitaji mkubwa kuliko wote, ngamia mwenye mzigo. Ngamia wetu wa leo ni mtu wa kiti cha magurudumu, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani, na kipofu mwenye fimbo asiyejua kama jana kiliongezwa kibanda. Sisi tuna mita 22.5 na mita 30, namba zinazopimwa kutoka katikati ya lami, mahali ambapo hakuna anayetembea kwa miguu. Namba hizo zina kazi yake, kuhifadhi nafasi ya barabara ya kesho. Kwa mtu wa leo hazisemi kitu.

Kwa hiyo kibali ninachokililia kingeanza na nafasi inayobaki. Mimi ningeweka mita 1.8 za njia safi, isiyo na ngazi, nguzo wala meza, kwa sababu hapo ndipo viti viwili vya magurudumu vinaweza kupishana bila mmoja kushuka barabarani. Pasipopatikana hizo, hakuna kibali kwa yeyote, hata kwa benki. Pakipatikana na pakawa na ziada, ziada igawiwe kwa maandishi. Na mtaro uhesabiwe kama njia ya mpitaji mwingine, maji. Anayetaka mteremko wa geti aweke kifuniko kinachoinuka ili mtaro usafishwe, au atandike kalavati la kipenyo kilichotajwa. Mzee wa ng'ambo asingeanika godoro.

Ada itokane na uzito wa kitu na ugumu wa kukiondoa. Meza inayorudi nyumbani jioni ilipe kidogo sana. Kibanda kilichosimama usiku na mchana kilipe zaidi. Ngazi za zege, na baa iliyopanga viti vyake hadi ukingo wa lami, vilipe zaidi ya hapo. Ukuta uliotoka nje ya bikoni ulipe kuliko wote kwa muda mfupi wenye mwisho, kisha urudi ulikotoka. Leo mzigo uko kinyume: mwenye meza analipa kila siku kwa mkono wa mtu asiyejulikana, mwenye ukuta halipi kamwe. Na fedha hizo zirudi kwenye njia ileile, kwenye taa na mifuniko ya mitaro, ili wazee wetu wa fikihi wasije wakatuambia tumeuza njia ya watu.

New York wanacho kitu cha namna hii. Ngazi za mbele ya nyumba, uzio, daraja kati ya majengo mawili, vyote vikiingia kwenye ardhi ya mtaa vinahitaji ridhaa ya jiji, ambayo kwa kawaida ni ya miaka 10, ina malipo ya kila mwaka, na jiji linaweza kuifuta. Ikifutwa, mwenyewe anaondoa kwa gharama yake. Hakuna anayeitwa mvamizi na hakuna anayejifanya mmiliki. Siwapendi Wamarekani kuliko sisi, lakini neno hilo "inaweza kufutwa", likiwa limeandikwa tangu siku ya kwanza, lingewaokoa watu wengi machozi pale Kimara.

Najua jibu litakaloniijia, na ni jibu zito: ukifungua dirisha la vibali, umefungua duka. Majirani zetu Kenya waliliona. Leseni za ukaaji wa muda, zile zinazoitwa TOL, zilitolewa Nairobi kwa vibanda na bustani za miche, na juu ya baadhi yake yakaota majengo ya kudumu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma, zikiwemo hifadhi za barabara, ilivyogawiwa kinyume cha sheria. Cha muda kikawa cha kudumu, na cha kudumu kikauzwa kwa mtu wa tatu ambaye anaapa kwamba yeye amenunua kihalali. Sidharau hatari hii.

Lakini tuulizane, duka hilo kwetu limefungwa? Kila anayeuza barabarani anajua anamlipa nani ili asisumbuliwe, na siku gani ya wiki. Kibali cha siri kipo, kina bei, na hakina daftari. Kinachoponya ni kukiweka juani. Namba ya kibali ibandikwe kwenye kibanda chenyewe, pamoja na vipimo na tarehe ya mwisho, kwa herufi ambazo mpitaji anaweza kuzisoma. Orodha itundikwe kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, na kabla ya kutolewa majirani wapewe wiki mbili za kupinga. Kibali kisiuzwe, kisirithiwe, kisiwekwe rehani. Kiseme wazi kwamba hakizai haki yoyote ya ardhi. Na upande wa pili, Serikali ikikihitaji kipande chake itoe notisi ya siku 90, isipokuwa bomba limepasuka. Siku 90 zinamtosha mtu kumaliza mzigo wake na kutafuta kona nyingine. Usiku mmoja haumtoshi.

Wala hatuanzi kutoka sifuri. Mwaka 2004 nchi hii ilianza kutoa leseni za makazi Dar es Salaam kwa nyumba za maeneo yasiyopimwa, kwanza za miaka miwili, baadaye mitano. Vijana walizunguka nyumba kwa nyumba na picha za angani. Ilikuwa karatasi ya muda, yenye mipaka, ikimwambia mtu "tunakujua, na haya ndiyo masharti". Mbinu ile inaweza kutembea tena, safari hii kandokando ya barabara.

Kikwazo kikubwa ninachokiona ni madirisha. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa 2017. Leseni ya biashara inatoka halmashauri. Mtaro una mwenyewe kulingana na barabara uliyolala kando yake. Mwenye genge akitaka kuwa mwaminifu kesho asubuhi, atapanda daladala mara tatu kwenda ofisi tatu, na kila moja itamwambia aanzie kwa nyingine. Ofisi ya mtaa, iliyo hatua 200 kutoka gengeni kwake, ndiyo pekee isiyo na mamlaka ya kumjibu. Ningeipa hiyo kazi ya kupokea maombi na kupima, wakubwa wabaki na kuidhinisha. Mtendaji wa mtaa anaijua kila kona, anaijua hata siku ukuta uliposogea.

Nilipomaliza kupima Jumamosi ile nilifika kwa mama wa genge. Alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu, akanitazama na futi mkononi, rangi ikamtoka kidogo. "Kaka, mnabomoa?" Nikamwambia hapana, napima tu, na kwamba nimekuta meza yake imezidi kwa kama nusu mita, ikirudi nyuma ndipo mtu wa kiti cha magurudumu atapita vizuri. Akanyamaza, akaangalia chini, akasogeza sanduku la vitunguu kwa mguu.

"Miaka tisa niko hapa," akasema. "Ushuru wananidai, taka wananidai. Hakuna aliyewahi kuniambia mwisho wangu ni wapi. Hebu nionyeshe hapo, nichore mstari."

Alichora kwa kipande cha mkaa. Mimi nilikuwa nimeshika futi upande wa pili.